Nilivyomsindikiza Mwalimu Eliya Kwao Mkalama

Tangu nirudi hamjaniacha ninywe chai kwa amani. Kila anayeingia ofisini anavuta kiti na kuuliza, "Zuhura, hivi huko mazishini kulitokea nini?" Dereva Kassimu naye ameshaanza kusambaza habari zake, kwamba nimemfokea mzee wa watu msibani. Sikumfokea mzee yeyote. Naandika mara moja, msome wote, halafu mniache.

Kwa mliojiunga na idara juzi: Mwalimu Eliya ndiye aliyefundisha Kihispania hapa chuoni wakati sisi wengine hatujui hata Uhispania iko upande gani. Alinifundisha mimi, kisha akanitafutia meza kwenye ofisi yake. Jumatatu alianguka humo ofisini kwa presha, Jumatano tukamuaga, Alhamisi alfajiri tukaondoka na jeneza. Mimi nilipewa kazi moja tu, kuandika ukurasa mmoja wa maisha yake ya kazi na kuusoma kaburini kwa niaba ya chuo. Nikaona ni kazi ya kuandikia ndani ya gari.

Dar hadi Gairo

Tuliondoka watu watatu: mimi, Kassimu, na baba mdogo wa marehemu, Mzee Amosi, aliyekuja kuuchukua mwili. Wengine mliahidi kuja. Sitataja majina, mlikuwa na mitihani ya kusahihisha, sawa. Basi dogo la chuo lilikuwa limetolewa viti vya nyuma ili jeneza likae, na mbele Kassimu alifunga kitambaa chekundu ili barabarani watupishe.

Walitupisha kweli, mpaka tairi lilipopasuka karibu na Gairo. La akiba nalo halikuwa na upepo. Kassimu akapanda bodaboda kwenda kulijazisha, nasi tukakaa pembeni ya barabara saa mbili nzima, jua linatuchoma, Eliya yuko ndani peke yake. Nililia kidogo pale. Kisha nikaona afadhali nifanye kazi, nikatoa daftari.

"Baba mdogo," nikamwambia, "nisaidie. Ya chuoni ninayo. Ya kabla ya hapo sina."

Akanitajia shule ya msingi, sekondari, akanitajia hata mwalimu wa darasa la nne aliyekuwa anamchapa. Halafu akaninyooshea kidole kwenye daftari. "Hapo andika vizuri, binti yangu. Andika ndiye daktari wa kwanza kutoka kijijini kwetu."

"Daktari?"

"Wa binadamu. Alikwenda kusomea Kuba. Kijiji kizima kilimsindikiza mpaka barabarani."

Nilidhani jua limenipiga. "Lakini jana pale chuoni si ulitusikia tukimwita mwalimu?"

"Nilisikia. Si alikuwa anafundisha madaktari wenzake? Au nimekosea?"

Kassimu alikuwa amerudi, ameinamia gurudumu na spana mkononi. Aliposikia hayo akainama zaidi, mpaka nikaona kisogo tu. Nami nikafanya nini? Nikasema, "Tutaandika vizuri, baba mdogo." Kalamu ilikuwa mkononi na sikuandika kitu.

Kwamba Eliya alisoma Kuba nilijua, lugha yenyewe aliipata huko. Alikwenda kusomea nini sikuwahi kumuuliza. Lakini mnawakumbuka wale wageni wake waliokuwa wakija na vifurushi na vikohozi, wanakaa kwenye korido yetu? Alikuwa anafunga kitabu, anawachukua, anashinda nao hospitali kutwa nzima. Mimi nilikuwa nanung'unika kwamba ananiachia vipindi. Siku moja nilimwambia usoni, "Mwalimu, wewe ni mwepesi mno, ndugu zako wanakuchezea." Akacheka tu, akatoka nao.

Dodoma hadi Singida

Manyoni tukasimama kula. Mwenye mgahawa akatoka mbio na taulo begani. "Jamani, poleni sana, lakini gari sogezeni kule mbele, wateja wangu wataninunia." Kassimu akawaka, wakabishana, gari likasogezwa. Mzee Amosi akakataa kumwacha marehemu peke yake, basi tukala kwa zamu, wali maharage, mimi nikautafuna bila kuusikia. Mama mmoja muuza karanga alikuja mpaka mlangoni mwa gari, akavua kilemba, akauliza, "Nani huyo mmempoteza?"

"Daktari," Mzee Amosi akajibu. "Daktari wetu."

"Ee Mungu wangu. Na daktari naye anakufa?" Akatuwekea karanga kwenye mfuko, akaondoka anatikisa kichwa.

Jibu hilo nililisikia tena kwenye kizuizi cha polisi, na tena Singida tulipouingiza mwili mochwari jua likizama. Yule mhudumu wa mochwari aliposikia ni daktari alisimama wima. Akasema, "Kumbe ni mwenzetu," akamtafutia nafasi nzuri. Mzee Amosi alimshukuru kwa mikono miwili. Mimi niliangalia pembeni.

Mzee akaenda kulala kwa jamaa zake, Kassimu na mimi tukaenda kwa mama yangu Mwankoko. Alikuwa amechinja kuku, amesonga ugali wa mtama na mlenda pembeni. Kassimu alikula mpaka akafungua mkanda. Mama akanitazama ninavyokichezea chakula.

"Huyo marehemu naye alikuwa anafundisha hicho hicho chako?" akauliza.

"Hicho hicho, mama."

"Na kwao walikubali?"

"Kwao hawajui. Wanajua ni daktari wa hospitali."

Nilitegemea ashike kichwa. Wala. Alinawa mikono, akasema, "Baba yako mpaka anaingia kaburini aliwaambia watu wa sokoni kwamba unasomea sheria. Unadhani angewaambia nini? Kihispania watu watakuletea kesi gani?"

Nilikasirika, nyie. Marehemu baba aliuza asali na mafuta ya alizeti maisha yake yote ili nisome, na hakuniambia hata siku moja kwamba ananionea aibu. Nikamuuliza mama mbona hakuniambia. Akasema, "Ungefanya nini? Ungeacha?" Nikaenda kulala bila kumuaga vizuri.

Ulemo

Asubuhi tukachukua mwili, tukapita Ulemo kumbeba dada yake Eliya, Naomi, aliyeolewa huko. Tulimkuta barabarani na sufuria zake tatu, gunia la mchele na wifi zake wakilia. Alipanda, akaweka mkono juu ya jeneza, akaimba pambio moja mpaka mwisho. Hakulia. Kisha akaniuliza kama mimi ndiye nitakayesoma ya kazini, nikasema ndiyo. Akamwomba Kassimu asimame kidogo, akanishusha, tukaenda nyuma ya gari ambako baba yake mdogo hawezi kutusikia.

"Umeandika nini?"

"Nimeandika alichokuwa. Mwalimu wa Kihispania."

"Mimi najua," akasema. "Niko peke yangu ninayejua. Aliacha udaktari mwaka wa pili kule kule Kuba. Aliniambia alikuwa akiingia chumba cha maiti anatapika, anaanguka. Wakamhamishia lugha. Alirudi amejipanga kusema, Zuhura. Akashuka kwenye basi akakuta kwaya, mchungaji, baba amevaa koti la kuazima. Akakuta na mgonjwa ameshaletwa kwenye kiti anamsubiri. Wewe ungesema?"



"Baba ana jina hilo tu," Naomi akaendelea. "Kijijini hakuna anayemwita Petro, wanamwita Baba Daktari. Mzike ndugu yangu kwanza. Usimvue baba nguo mbele ya watu. Nakuomba kwa jina la Mungu wako."

Nikamuahidi. Niliapa kabisa, na mnajua huwa siapi ovyo. Tulipopanda nikachukua ule ukurasa, nikaanza kukata. Kihispania, nje. Kamusi aliyoitunga kwa miaka na miaka, ambayo bado iko kwenye droo haijachapishwa, nje. Wanafunzi aliowafundisha, nikaandika "vijana wengi aliowalea." Kilichobaki kilikuwa kifupi na kingemfaa mtu yeyote mwenye ajira.

Nduguti na kuendelea

Nduguti kuna ofisi mpya za serikali zenye mabati yanayong'aa, na hospitali ya wilaya. Baada ya hapo barabara inakuwa ya kubahatisha. Tulizama kwenye mchanga wa korongo, magurudumu yakazunguka bure. Wachungaji wa ng'ombe wakaja, wakaweka fimbo chini, wakatusukuma bila kuuliza kitu. Tulipotoka ndipo mmoja akauliza marehemu ni nani. Mzee Amosi akamwambia. Yule kijana akavua kofia, akasema huyo alimpima mama yake shingo alipokuja likizo. Akakimbia pembeni ya gari mpaka tulipomwacha.

Tulipofika, baba yake Eliya, Mzee Petro, alikuwa mlangoni ameegemea fimbo. Mrefu, mkavu, macho hayaoni vizuri. Nikapiga goti, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ninyi ndio wenzake?"

"Ndio sisi."

"Asanteni kwa kumleta." Akakishika kichwa changu kwa muda mrefu.

Wanaotoka mikoa mingine waelewe: kule, kama kwetu Singida, mtu hafukiwi mpaka wasifu wake usomwe, na unasomwa mara mbili, wa familia kisha wa mwajiri. Mzee wa kanisa akasimama na karatasi. "Daktari Eliya alizaliwa, daktari Eliya alisoma, daktari Eliya aliwahudumia wagonjwa wa mataifa yote." Watu wakawa wanaitikia kwa kuguna. Msalaba ulikuwa umeegemezwa pale, mti mbichi, maandishi yamechongwa kwa kisu: Dkt. Eliya, na jina la baba yake.

Wakaniita. Nikajitanda kanga yangu vizuri, nikasimama. Sauti ilitoka. Nilisema alikuwa mtumishi mwaminifu, mpole, anayewahi kazini. Nilisema vijana wengi aliowalea. Sikusema uongo hata mmoja, na nilijichukia tangu mstari wa kwanza. Mtu niliyekaa naye ofisi moja miaka sita, nimesimama juu ya kaburi lake nikakificha alichokipenda, kana kwamba kilikuwa wizi. Nilipomaliza Naomi alinikumbatia akanong'oneza asante. Nilitaka kumsukuma.

Asubuhi ya pili

Kassimu alikataa kurudi jioni ile kwa sababu ya korongo, tukalala hapo. Asubuhi nikatoka kunawa uso, nikakuta watu wamekaa chini kando ya turubai, wamepanga mstari mzuri kabisa. Mzee mwenye goti lililovimba. Bibi mwenye jicho lililofumba. Akina mama na watoto. Mzee Petro alikuwa amekaa kwenye kiti chake mbele yao, ameshika fimbo katikati ya magoti.

"Mwanangu," akaniambia, "najua mmechoka. Lakini Eliya akija, huwa anawaona kabla ya chai."

Jamani. Nilielewa pale pale kwa nini likizo zake zilikuwa fupi, na kwa nini mwishoni aliacha kuja.

Nilijaribu. Yule mzee wa goti nilimwambia aende zahanati, akanishukuru, akabaki amekaa. Bibi wa jicho nilimwambia hivyo hivyo. Wa tatu alikuwa msichana hivi, hajafika miaka ishirini, akanipakatisha mtoto wake bila hata kuniuliza. Mtoto alikuwa wa moto. Anapumua haraka haraka, na kila akivuta pumzi mbavu zinaingia ndani.

"Leo siku ya ngapi yuko hivi?"

"Ya tatu leo, dakta."

"Umempeleka zahanati?"

"Nilimpeleka. Wakasema nimkimbize hospitali ya wilaya. Lakini tukasikia mnakuja na marehemu, mama mkwe akasema madaktari wenzake hawakosi kuwemo. Ndio tukasubiri msiba upite."

Hapo nikapasuka. Kassimu anasema nilifoka, na ni kweli nilifoka, lakini si kwa mzee. Nilisimama na mtoto wa watu mikononi nikasema kwa sauti yangu hii mnayoijua: "Mimi si daktari! Mimi nafundisha lugha. Nafundisha Kihispania! Na Eliya alifundisha Kihispania, hajawahi kuwa daktari hata siku moja! Kassimu, leta gari!"

Naomi alikuwa jikoni na mwiko, akakaa chini alipokuwa. Mzee Amosi akawa ananitazama mdomo wazi. Kassimu, haki yake nimpe, hakuuliza swali. Gari liliwaka, nikamweka yule msichana na mtoto ndani, na bibi wa jicho akapandishwa humo humo. Mimi nikabaki, maana nafasi ya nyuma ilijaa wagonjwa wengine. Kassimu alirudi alasiri akasema mtoto amelazwa, amewekewa hewa, na daktari amemgombeza mama mkwe vibaya. Zaidi ya hapo sijapata habari.

Kaburini

Baada ya gari kuondoka, watu walitawanyika mmoja mmoja bila kuaga. Nilimfuata Mzee Petro kwenye kiti chake. Nikapiga goti nikamwomba msamaha.

"Hata mwaka mmoja hakuwa daktari?" akauliza.

"Hata mmoja, baba. Alisoma miwili, akaacha."

Mara akaanza kusema, hatazami popote. "Mama yake aliumwa tumbo. Wiki mbili. Tukapata gari la kumpeleka Singida, akakataa kupanda. Akasema mwanangu daktari anakuja, nitamwaibishaje kwa kukimbilia kwa wageni. Eliya akafika. Akasema, mama, twende hospitali sasa hivi. Mama yake akamwambia, nitibu wewe, nimekusubiri wewe. Eliya akaanza kulia. Sisi tulidhani analia kwa sababu ameuona ugonjwa."

"Baba..."

"Angesema siku ile. Siku ile moja tu. Angesema, mama, mimi sijui, mama yake angepanda gari." Akapiga fimbo chini. "Mama yake alikubali mwishoni, nguvu zimemwisha. Alifia kwenye korongo lile."

Nililia, yeye hakulia. Kisha akainuka, akamwita Naomi amletee panga, tukaenda watatu mpaka kwenye kaburi, udongo bado mbichi na mashada ya maua juu. Akapapasa msalaba kwa vidole mpaka akaipata ile Dkt. Akaanza kukwangua. Alikwangua muda mrefu, vipande vya mti vinadondoka juu ya maua, Naomi anasema, "Baba, inatosha, baba," na yeye haachi. Alipomaliza pale pakabaki bonde jeupe.

"Huko kwenu mlimwitaje?"

"Mwalimu."

"Andika."

Nilikuwa na kalamu ya ubaoni kwenye mkoba. Nafasi ilikuwa ndogo, nikaandika Mwl. Akasogeza uso mpaka karibu na mti, akaangalia.

"Hiyo ndiyo mwalimu yote?"

"Nimefupisha, baba."

"Usifupishe. Kaficha vya kutosha. Andika yote, na hiyo lugha yake uiandike."

Nikaandika. Mwalimu wa Kihispania. Maneno yakatoka nje ya bonde, yakapanda juu ya jina la baba yake. Akaniuliza kama inasomeka, nikasema inasomeka. Akaniuliza kama itakaa.

Wino ule mnaujua, tunaufuta kila kipindi kwa kiganja. Nikamwambia itakaa.